George Catlin: Mchoraji wa Waojibwe aliyerudi kwao mikono mitupu

Mwezi Novemba mwaka 1839, Mmarekani mmoja aitwaye George Catlin alipanda meli mjini New York kuelekea Liverpool, Uingereza. Mzigo wake ulikuwa na uzito wa tani 8. Ndani yake mlikuwa na mamia ya picha za rangi alizozichora mwenyewe, nguo za ngozi, pinde na mishale, viko vya kuvutia tumbaku, na hema zima la ngozi ya nyati. Juu ya hayo yote alikuwa na dubu wawili wakubwa, wazima, ndani ya tundu la chuma. Alitegemea kukaa Ulaya muda mfupi, auze, apate jina, kisha arudi kwa mke na watoto. Alikaa zaidi ya miaka 30.

Ndugu msomaji, huenda jina hilo hulijui, lakini picha zake umeziona. Ukiona katika kitabu cha shule au kalenda ya zamani picha ya Wahindi Wekundu wakiwa ndani ya mtumbwi wa magome, au wakicheza ngoma juu ya theluji, mara nyingi chanzo chake ni huyu bwana au mtu aliyemwiga. Leo karatasi zilizochapwa kutokana na michoro yake zinauzwa Ulaya na Marekani moja moja, kwa bei ambayo yeye hakuipata akiwa hai.

Catlin alizaliwa tarehe 26 Julai 1796 huko Wilkes-Barre, katika jimbo la Pennsylvania, akiwa mtoto wa tano kati ya 14. Mama yake, Polly Sutton, alikuwa amewahi kutekwa na Wahindi alipokuwa mtoto mdogo, wakati wa vita vya mwaka 1778, kisha akaachiwa bila kudhuriwa. Baba yake alikuwa mwanasheria naye akataka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Kijana akapelekwa shule ya sheria huko Litchfield, akasoma, akafanya kazi ya uwakili miaka michache, lakini moyo haukuwepo. Akauza vitabu vyake vya sheria, akahamia Philadelphia kuchora sura za watu kwa malipo. Siku moja ujumbe wa Wahindi waliokuwa safarini kwenda kuonana na serikali mjini Washington ulipita mjini hapo. Catlin aliwaona wakiwa wamevaa mavazi yao kamili, akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi ya maisha yake: kuwachora watu hao kabla hawajamalizwa na bunduki, pombe na magonjwa ya wageni.

Mwaka 1828 alimwoa Clara Gregory, binti wa familia yenye uwezo ya Albany. Miaka miwili baadaye alikuwa St. Louis, mji uliokuwa lango la magharibi, na mwaka 1832 akapanda boti la mvuke lililoitwa Yellow Stone, akapanda Mto Missouri kiasi cha kilomita 3,200 hadi ngome ya wafanyabiashara wa ngozi iitwayo Fort Union. Huko ndiko alikowachora Waojibwe kwa mara ya kwanza, wale wa upande wa mbugani, akiwemo chifu wao Sha-có-pay.

Ndani ya boti hilo alikuwemo abiria mmoja ambaye habari yake inastahili kusimuliwa kwa kirefu, hasa kwa wasomaji wetu mliowahi kuishi ugenini mkarudi. Aliitwa Wi-jún-jon, wa kabila la Waassiniboine, majirani wa Waojibwe wa mbugani. Alikuwa shujaa anayeheshimika kwao. Serikali ilimchukua pamoja na wenzake wachache mpaka Washington, ambako alikaa majira ya baridi na kuonana na Rais Andrew Jackson. Njiani alijaribu kuhesabu nyumba za wazungu ili awape watu wake hesabu kamili. Kila nyumba alikata alama moja kwenye mti wa kiko chake. Mti ukajaa. Akaanza kukata kwenye rungu, nalo likajaa, akaendelea kwenye fimbo nyingine, hadi alipochoka akazitupa zote mtoni.

Aliporudi alikuwa amevaa sare ya jenerali yenye nyuzi za dhahabu mabegani, viatu vya visigino virefu, kofia yenye manyoya, mwavuli mkononi na chupa za pombe mifukoni. Catlin aliyaona hayo kwa macho yake. Jamaa zake walimtazama kama mtu wasiyemjua. Kesho yake mkewe alikuwa amekwisha kata mikia ya koti lile ajishonee nguo za miguuni, na haikuchukua siku nyingi kikabaki kitu kimoja tu cha fahari yote ile, yaani mwavuli. Lililomponza hasa si nguo bali mdomo. Usiku alisimulia miji, majengo, meli, wingi wa watu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna aliyeyaamini. Kwanza walimwita mwongo, halafu, kwa kuwa uongo wake haukuwa na mwisho, wakasema ni mchawi. Kwa mujibu wa Catlin, kijana mmoja aliyeamini kuwa risasi ya kawaida haiwezi kumuua mchawi wa namna hiyo alichukua mkono wa chungu cha chuma, akausugua mpaka ukaingia katika mtutu wa bunduki, akampiga nao kichwani. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba katika kazi zote za Catlin hakuna inayoishinda picha aliyochora ya mtu huyo: upande mmoja anakwenda Washington, amesimama wima na mavazi ya kwao, upande wa pili anarudi, amegeuza mgongo, akiwa na mwavuli.

Turudi kwa Waojibwe. Hawa ni watu wa maji. Nchi yao ilizunguka maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini, Superior na Huron, na mito inayoyaunganisha. Walivua samaki, walivuna mpunga wa mwituni wakiwa ndani ya mitumbwi, na walitengeneza mitumbwi hiyo kwa magome ya mti wa birchi, yakashonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa ulimbo. Ni chombo chepesi, watu wawili wanaweza kukibeba mabegani wakakwepa maporomoko.

Mwaka 1783, Uingereza na Marekani zilipomaliza vita, mpaka ulichorwa katikati ya maji hayo bila mwenyeji yeyote kuulizwa. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta huyu yupo Marekani, yule yupo nchi ambayo leo ni Kanada. Hadithi hiyo wanaovuka Rusumo, Kobero au Mutukula hawahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1794 ukaja mkataba mwingine, uliojulikana kwa jina la Jay, mjumbe wa Marekani aliyeujadili. Kifungu chake cha 3 kiliwaruhusu Wahindi wa pande zote mbili kuvuka huku na huku, na mizigo yao wenyewe isitozwe ushuru. Lakini waandishi wake walikuwa wajanja: wakaongeza kwamba marobota na vifurushi vikubwa visivyo vya kawaida kwa Wahindi havitahesabiwa kuwa mali yao. Basi ushuru ulisamehewa kwa mtu mwenye mzigo mdogo tu. Marekani bado inawaruhusu Wahindi waliozaliwa Kanada kuingia, kwa masharti ya nasaba, ilhali mahakama za Kanada zimekataa kuutambua msamaha huo wa ushuru, mara moja mwaka 1956 na tena mwaka 2001.

Catlin alifika katika nchi hiyo ya maji mwaka 1835, safari hii akiwa na mkewe. Walipanda Mto Mississippi hadi Fort Snelling, karibu na maporomoko ya Mtakatifu Anthony, mahali ulipo sasa mji wa Minneapolis. Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wakala wa serikali mahali hapo aliwakusanya Waojibwe na mahasimu wao Wadakota, wakacheza mpira wa fimbo na ngoma. Catlin akachora. Alichora pia Waojibwe wakiwa wamebeba mitumbwi kuyakwepa maporomoko yale, na ngoma ya viatu vya theluji, ambayo huchezwa theluji ya kwanza inapoanguka, kumshukuru Muumba kwa kuwa sasa mnyama wa kuwindwa hawezi kukimbia mbali. Kisha akamrudisha Clara kwa meli, mwenyewe akateremka mto kwa mtumbwi wa magome pamoja na askari mmoja, huku akichora miamba na kingo za mto njia nzima.

Mwaka uliofuata, 1836, alifika Sault Ste. Marie, mahali ambapo maji ya Ziwa Superior yanashuka kwa kasi kuelekea Huron. Waojibwe huita Bawating, yaani penye maji ya kasi. Mpaka unapita humo humo ndani ya mto, na leo kuna miji miwili yenye jina hilo hilo, mmoja kila upande. Hapo Catlin aliwaona wavuvi wakiuelekeza mtumbwi katikati ya povu, mmoja akishika kasia nyuma, mwenzake amesimama mbele na wavu wenye mpini mrefu, akiwachota samaki weupe. Aliona pia mashindano ya mitumbwi, maji yamejaa watu mpaka upande wa pili.

Mwaka huo huo alikwenda hadi machimbo ya jiwe jekundu ambalo makabila mengi walilichonga viko vyao. Wadakota walimzuia njiani, wakihofu, na hawakukosea, kwamba mzungu akishapaona serikali itapafuata. Alipita kwa ubishi. Jiwe hilo sasa lina jina lake katika vitabu vya wanajiolojia, katlinaiti. Kuna watu wanaolihesabu jambo hilo kuwa heshima. Waliomzuia njiani wangekuwa na neno jingine.

Baada ya hapo alianza kuonyesha picha zake mijini kwa kiingilio. Watu walikuja, lakini alichotaka hasa ni serikali ya Marekani iununue mkusanyo wote na kuutunza. Bunge lilikataa. Na katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1837, ndui uliingia kwa Wamandan wa Mto Missouri, kabila ambalo Catlin alikaa nalo mwaka 1832, ukawaua karibu wote. Walibaki mia na kitu. Picha zake za kijiji chao zikawa ghafla kumbukumbu ya watu ambao hawapo.

Ndiyo maana akachukua tani zake 8 akavuka bahari. London alipangisha ukumbi uitwao Egyptian Hall, katika mtaa wa Piccadilly, akafungua mwezi Februari 1840. Clara na mabinti wakamfuata. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, halafu wageni wakapungua kama ilivyo kwa kila kitu kipya. Akawa anawavika Waingereza, na mpwa wake aliyefuatana naye, manyoya na rangi usoni ili waigize Wahindi jukwaani. Si jambo la kumjengea heshima, lakini kodi ya ukumbi haikusubiri.

Mwaka 1841 alitoa kwa gharama yake kitabu cha barua na maelezo ya safari zake, majuzuu mawili yenye michoro ipatayo 400. Hapa ndipo picha zilizochapwa zilipoanza kulisambaza jina lake. Picha ya rangi ni moja, iko ukutani, lazima uifuate. Ya kuchapwa inakufuata wewe. Fundi huchora mistari kwa sindano au patasi nyembamba juu ya bamba la chuma au shaba, wino unajazwa ndani ya mistari, sehemu ya juu inafutwa, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu yake kwa mashine nzito mpaka inanyonya wino kutoka ndani ya mikwaruzo. Bamba moja huzaa mamia ya nakala. Mwaka 1844 alitoa mkusanyo mwingine wa picha kubwa 25, safari hii zikichapwa kwa njia ya jiwe lililochorwa kwa mafuta, na nyingine zikapakwa rangi kwa mkono. Ngoma ya viatu vya theluji ya Waojibwe imo humo, na Wi-jún-jon na mwavuli wake pia.

Kwa wale wenye jicho la biashara: picha halisi ya bamba mara nyingi huacha alama ya kingo za bamba kama kibonyo kuzunguka mchoro, isipokuwa karatasi imekatwa kuingizwa katika kitabu au fremu. Wino wake ukipitisha kidole unausikia. Nakala za siku hizi, ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, ni vidoti vitupu. Na nyingi zinazouzwa moja moja zilitolewa kwa kisu kutoka kwenye vitabu, maana kitabu kizima huuzwa kwa bei ndogo kuliko kurasa zake zikitawanywa. Picha za nchi zetu katika vitabu vya akina Burton, Speke na Stanley zilifanyiwa hivyo hivyo.

Mwaka 1843, alipokuwa Manchester akifikiria kufunga na kurudi kwao, walitokea Waojibwe halisi 9 walioletwa kutoka Kanada na Arthur Rankin. Catlin aliingia naye ubia. Waojibwe hao walipokelewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor, na London ikajaa tena ukumbini. Lakini mkalimani wao kijana, Alexander Cadotte, alipendana na binti wa Kiingereza, wakafunga ndoa ya kanisani mwaka 1844. Magazeti yakapata la kuandika, Rankin akaona tangazo la bure la biashara, Catlin akaona aibu, na ubia ukavunjika.

Mwaka 1845 alihamia Paris na kundi jingine, Waiowa. Mfalme Louis-Philippe, ambaye alipokuwa kijana aliwahi kuishi uhamishoni Marekani, alimpokea kama rafiki. Ila huko ndiko mkosi ulikoanza. Mwezi Julai Clara alifariki kwa homa ya mapafu. Waiowa walikwisha kupoteza wenzao, wakaomba kurudi. Badala yao likaja kundi la pili la Waojibwe, likiongozwa na Maungwudaus, msomi aliyejua Kiingereza vizuri na aliyewahi kuhubiri Ukristo kwao. Walipiga makasia mbele ya mfalme katika bustani ya Saint-Cloud, kisha Catlin akaenda nao Ubelgiji. Ndui ukawakuta huko. Wawili walifia Ubelgiji, na vifo vingine vikafuata Uingereza, akiwemo mke wa Maungwudaus mwenyewe na watoto. Kiongozi huyo alirejea Amerika mwaka 1848 na waliobaki, akatoa kitabu chake kidogo kuhusu wazungu alivyowaona. Katika habari hii yote, ni yeye niliyetamani kusoma habari zake zaidi. Catlin alilipa gharama za matibabu na mazishi, lakini ukweli unabaki kwamba watu wale walikuja kuonyeshwa kwa kiingilio, na ubia huo ulikuwa wake.

Mwaka 1846 mwanawe wa pekee wa kiume, George, alikufa kwa homa ya matumbo. Februari 1848 mapinduzi yakamwondoa mfalme, Catlin akakimbilia London na picha zake. Alikuwa amekopa kwa kuziweka picha rehani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mdai akidhani yeye ndiye mwenye haki ya kwanza. Mjini Washington hoja ya serikali kuzinunua ilirudi tena bungeni na kuanguka. Mwaka 1852 akafilisika kabisa. Shemeji yake tajiri akaja kuwachukua mabinti watatu na kuwarudisha Marekani. Picha ziliokolewa na Joseph Harrison, Mmarekani aliyetajirika kwa kutengeneza injini za treni nchini Urusi: alilipa wadai wakubwa, akazisafirisha hadi Philadelphia, akaziweka katika kiwanda chake cha matangi ya mvuke. Zilikaa humo zaidi ya miaka 25, zikapatwa na moto na maji.

Akiwa na umri wa miaka 56, bila mke, watoto wala mali, Catlin alisafiri Amerika ya Kusini, halafu akaishi Brussels katika vyumba vya bei rahisi akiwa kiziwi, akizichora upya kutoka kwenye michoro yake ya mistari zile picha zilizokuwa zimefungiwa Philadelphia. Pigo lingine lilitoka kwa Henry Schoolcraft, aliyekuwa wakala wa serikali huko Sault Ste. Marie na ambaye mkewe alikuwa wa damu ya Waojibwe. Schoolcraft aliandaa kwa fedha za serikali majuzuu makubwa 6 kuhusu Wahindi, yenye picha za bamba za mchoraji askari Seth Eastman. Kwanza aliomba picha za Catlin, akanyimwa. Baadaye majuzuu hayo yakaeleza kwamba sherehe za Wamandan alizozichora Catlin zilikuwa za kubuni. Wamandan wa kutoa ushahidi walikuwa wamebaki wachache. Catlin alitumia miaka kujitetea, na wataalamu wa baadaye wakakubali kwamba alichora alichokiona.

Mwaka 1871 alikuwa amekwisha rudi Marekani, mzee wa miaka 75, na mabinti waliokuwa wamekua bila yeye wakampokea. Mwaka 1872 Joseph Henry, mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alimpa nafasi ya kuonyesha picha zake mpya na chumba cha kulala katika jengo la taasisi. Figo zikashindwa kufanya kazi. Alihamishiwa Jersey City kwa jamaa, akafariki tarehe 23 Desemba 1872, akiendelea kuuliza nini kitazipata picha zake. Alizikwa Brooklyn kando ya Clara.

Harrison naye alikufa, na mwaka 1879 mjane wake akautoa mkusanyo huo bure kwa Smithsonian, yaani kwa serikali ile ile iliyokataa kuununua. Picha zaidi ya 400 zimo humo hadi leo. Maporomoko ya Mtakatifu Anthony aliyoyachora yaliharibiwa na viwanda vya unga na mbao, yakaporomoka mwaka 1869 na baadaye kufunikwa kwa zege. Kule Sault Ste. Marie, Waojibwe bado wapo pande zote mbili za mto, na tangu mwaka 1962 daraja linawavusha, na wanapita forodhani kama watu wengine.